Kompyuta inaganda, kundi linadai video, na mama anataka kutoa pesa za kikoba

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa uandishi wa habari, nasoma Morogoro. Nakuandikia saa saba usiku. Wenzangu wa chumbani wamelala na laptopu yangu imeganda mara ya nne tangu nimalize kula.

Mwalimu alitupa kazi ya kundi: makala ya video ya dakika 5 kuhusu mtu anayefanya kazi wakati wengine wamelala. Tuko watano. Tukamchagua mama mmoja anayekaanga maandazi karibu na stendi ya Msamvu. Anaamka saa nane usiku kukanda unga, na mabasi ya kwanza yakianza kupakia beseni lake la kwanza limeshaisha. Tulikwenda alfajiri mbili tukarekodi kwa simu tatu. Jumla tuna saa 2 na dakika 40. Nikachaguliwa mimi kuhariri, si kwa sababu najua, ila kwa sababu mimi ndiye mwenye laptopu.

Laptopu yenyewe niliirithi kwa kaka: Core i3 ya kizazi cha nne, RAM GB 4, na diski ya zamani ile inayonguruma. Nilipakua programu kubwa ya bure inayosifiwa na kila mtu, ikala karibu bando lote, ikafunguka mara moja tu, ikajifunga. Jirani wa hosteli akaniwekea nyingine ya kulipia ambayo alisema ameshaivunja kufuli. Siku mbili baadaye fleshi yangu ikawa inaonyesha vishale vitupu badala ya mafaili. Nikahamia kwenye simu. Nilikata dakika tatu nzima, na nilipotaka kuitoa video nikaambiwa madoido niliyotumia ni ya wanaolipia kila mwezi.

Na kabla ya hayo yote nilikuwa nimelipa 80,000 kwa kijana anayefundisha kuediti kwenye kundi la Telegram. Somo la kwanza lilikuwa furushi la mipito 2,000, yaani madoido ya kuvukia kutoka picha moja hadi nyingine: ya moto, ya kioo kupasuka, ya ukurasa kufunuka. Somo la pili, jinsi ya kulifanya jina lako liwake. La tatu halikuja.

Nilimwonyesha mwalimu zile dakika tatu kwenye simu. Alitazama mpaka mwisho, akauliza, "Hili ni tangazo la simu mpya au ni mama wa maandazi?" Darasa likacheka. Na mimi nilicheka, lakini Shangazi, iliuma.

Kuna mengine mawili yananitoa jasho. Kwenye mahojiano midomo ya mama na maneno yake vinaachana. Mwanzoni viko sawa, ikifika kama dakika ya sita amefunga mdomo na sauti bado inaongea. Halafu klipu za alfajiri, chini ya tyubulaiti ya kibanda, zina mistari meusi inayopanda na kushuka.

Sasa kuna mtu anauza laptopu ya kuchezea magemu kwa milioni moja na laki mbili. Bumu linatoka wiki ijayo, nina akiba kidogo, na mama amesema ataongeza laki nne za kikoba alizokuwa anaziweka ili aezeke jiko. Zimebaki wiki tatu. Kundi linaniandikia kila siku, "Vipi, imefikia wapi?" Hakuna anayeuliza anisaidie nini.

Ninunue? Au nikiri tu kwamba sina kipaji, nimwachie mwenzangu? Na kama naweza kujifunza, naanzia wapi, maana kila video ya mafunzo ninayofungua inaanza kwa kubonyeza kitu ambacho kwangu hakipo.

Aliyeganda, Morogoro

*

Marahaba, mwanangu.

Pesa za mama zibaki kwenye kikoba, jiko liezekwe. Na bumu ule. Hilo tumelimaliza.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Nimeelewa vizuri sana yaliyoipata kompyuta. Ila nilikuwa natafuta sentensi moja tu ambayo yule mama aliisema, sijaiona. Umerekodi saa 2 na dakika 40 za mtu, umeniandikia ukurasa mzima, na neno lake hata moja halimo. Nikajiambia, huyu mtoto hajazitazama picha zake.

Sikulaumu. Miaka ya mwanzo ya 2000 nilikuwa nakata video za harusi Dar es Salaam, chumba kimoja Kariakoo juu ya duka la vitenge, feni moja, watu wanne. Kanda zilikuwa za MiniDV, dakika 60 kila moja. Kuiingiza kanda kwenye kompyuta kulichukua muda uleule wa kanda: inacheza, kompyuta inapokea, wewe umekaa. Harusi ya kanda nne ni saa nne za kukaa, na kila kanda inameza kama GB 13 za diski enzi ambazo diski ya GB 80 ilikuwa mali. Tulilalamika sana. Lakini nikimaliza kuingiza nilikuwa najua shangazi wa bwana harusi alilia dakika ya ngapi, nani alisinzia wakati wa hotuba, na mpigapicha alisahau kamera ikiwaka wapi. Nilikuwa nimeshaihariri nusu kichwani kabla sijagusa mkasi. Ninyi mnanakili kadi nzima kwa dakika kumi, halafu mnaanza kukata kitu ambacho hakuna kati yenu aliyekiona. Ndiyo maana mipito 2,000 inapata nafasi ya kuingia: mtu asiyejua alichonacho atatafuta cha kupamba.

Kwa hiyo wiki ya kwanza programu ya kuhariri usiifungue. Nunua daftari.

Waite wale wanne wanaokuuliza "vipi". Huo ndio msaada wao. Kaeni jioni mbili, mtazame klipu zote mwanzo hadi mwisho kwa kichezeo cha kawaida, VLC inatosha. Laptopu ikikataa klipu fulani, itazameni kwenye simu iliyorekodi. Mmoja anashika kalamu. Kila klipu mstari mmoja: jina la faili, dakika na sekunde, kinachoonekana, kinachosikika, na alama. Nyota ni kwa kitu kilichokufanya usimamishe kutafuna karanga. Usiandike "mama anakaanga" mara arobaini. Andika "anapuliza moshi, anacheka na kondakta, 2:14 hadi 2:31". Yale majina ya simu yenye tarakimu nyingi usiyabadilishe katikati ya kazi, programu itayatafuta isiyaone.

Mahojiano mnayaandika neno kwa neno. Najua ni kazi ya kuchosha, vidole vitauma. Gawaneni. Yakishakuwa kwenye karatasi, chukua kalamu nyekundu, pigia mstari sentensi ambazo ukizitoa video inakufa. Zikate kwa mkasi wa kweli, zitandaze kitandani, zipange na kuzipangua. Hapo umehariri, na kompyuta haijawashwa. Sentensi ya kwanza isiwe "Naitwa fulani nina miaka kadhaa." Iwe ile ambayo mtu akiisikia akiwa jikoni atakuja sebuleni kuona nani anaongea.

Tahadhari moja kuhusu mkasi huo. Mama akisema "Nilitaka kuacha, lakini watoto wakaniambia nisiache," na wewe ukabakiza "Nilitaka kuacha," umemsingizia, hata kama kila neno ni lake. Ufupishe maneno yake, maana yake uiache ilivyo. Na kama amewasimulia habari za mume au madeni, mrudie umwulize kama ni sawa zionekane na darasa zima, na pengine siku moja na mji mzima. Wauza maandazi wana majirani.

Sasa tuje kwenye laptopu, maana najua ndicho ulichokuwa unasubiri.

Si mbovu. Imebebeshwa mzigo usio wake. Programu kubwa za kisasa, DaVinci Resolve ikiwemo, zinataka RAM ya GB 16 na kadi nzuri ya picha. Wewe una GB 4. Jaribu Shotcut au Kdenlive. Zote ni za bure kihalali, hazina chapa zinayoiweka juu ya video yako, hazikwambii mwishoni kwamba ulipie. Ile iliyovunjwa kufuli iondoe, na hiyo fleshi usiichomeke kwa mtu mpaka isafishwe virusi. Ukija kupata laki moja na kidogo ya kupumulia, mpelekee fundi umwulize kama laptopu inakubali kuongezwa RAM ifike GB 8 na kubadilishwa ile diski inayonguruma iwekwe SSD, diski ya kisasa isiyozunguka. Wengi wanashangaa mashine ileile inavyoamka. Lakini kazi hii inaweza kuisha hata bila hilo.

Kuganda kwenyewe mara nyingi kunatokana na namna simu inavyobana picha. Simu nyingi siku hizi zinaweza kurekodi kwa HEVC, ambayo wengine wanaiita H.265. Faili linakuwa dogo, lakini kulifungua ni kazi nzito, na Core i3 ya kizazi chako haikuundwa na kifaa kamili cha kazi hiyo, kwa hiyo inajikaza kwa nguvu za mwili wote. Ukisogeza mkasi sekunde moja tu, inabidi ihesabu upya. H.264, namna ya zamani zaidi ya kubana, ni nyepesi zaidi kwake. Mkirudi kurekodi, ingieni kwenye mipangilio ya kamera mchague H.264, na mrekodi 1080p, ukubwa wa kawaida wa picha. 4K, kubwa mara nne, ya nini, kwa video itakayoonyeshwa kwenye projekta ya darasa yenye pazia lililopinda?

Na hapo ndipo midomo ya mama inapoingia. Simu nyingi hazirekodi fremu, yaani picha moja moja, 30 kamili kila sekunde. Mwanga ukipungua, au simu ikipata moto, inarekodi 29, mara 27, mara 30 tena. Macho hayatambui. Programu ya kuhariri ikidhani ni 30 moja kwa moja, picha inakwenda kwa hesabu moja na sauti kwa nyingine, tofauti inajikusanya kidogo kidogo, ikifika dakika ya sita mama anaongea kwa tumbo. Usijaribu kusogeza sauti kwa mkono. Utairekebisha dakika ya sita, itaachana tena ya nane.

Dawa ni HandBrake, programu ya kugeuza mafaili ya video, ya bure pia. Unampa faili la simu, unachagua H.264, kwenye sehemu ya video unaweka 30 halafu unaweka alama palipoandikwa Constant Framerate, yaani fremu zisizobadilika. Anakutolea faili jipya lililonyooka. Kwa laptopu yako itachukua muda mrefu, iache usiku ifanye kazi wewe ukilala. Umeona kwa nini nilianza na daftari? Kugeuza saa 2 na dakika 40 kunaweza kula usiku kadhaa. Lakini mkishaweka nyota, mtajikuta mna klipu za dakika 25 pamoja na mahojiano, na hizo tu ndizo za kugeuza. Daftari limekupunguzia kazi kuliko laptopu ya magemu.

Ikiwa bado inavuta miguu, Kdenlive na Shotcut zote zina kitu kinaitwa proksi: programu inatengeneza nakala ndogo hafifu ya kila klipu, unakata kwa hiyo, ukimaliza inarudia ile halisi yenyewe. Unaiwasha kwenye mipangilio. Picha itaonekana ya ukungu wakati unakata, usiogope.

Mistari ya tyubulaiti: umeme wetu ni wa hezi 50, taa hizo zinapepesa mara 100 kwa sekunde. Simu ikifungua jicho kwa 1/60 ya sekunde, kila mstari wa picha unakuta taa kwenye hatua tofauti ya kupepesa, ndiyo hiyo mistari meusi. Kwenye kamera ya simu tafuta sehemu ya kuzuia kupepesa, iweke 50, au kama ina hali ya wewe kurekebisha kwa mkono, weka muda wa kufungua jicho 1/50 au 1/100. Zilizokwisha kuharibika sitakudanganya kwamba utaziponya na mashine yako. Tafuta kwenye daftari zilizorekodiwa kwa mwanga wa moto au kumekucha. Zikikosekana, rudini alfajiri moja, dakika ishirini tu, mkijua mnachokifuata.

Mkirudi, mpeleke simu moja kwa ajili ya sauti peke yake. Mama aiweke mfukoni mwa aproni au ifungwe kwenye khanga kifuani, iwe inarekodi sauti tu, na nyingine ipige picha kwa mbali. Kabla hajaanza kuongea, mmoja wenu apige kofi moja mbele ya kamera. Kwenye kompyuta unalitafuta lile kofi, mikono inapogusana, unalipanga na ule mlima mrefu kwenye mstari wa sauti, umeoanisha. Na kabla ya kuondoka, mkae kimya dakika moja mrekodi mahali penyewe pasipo mtu kuongea: jiko, mabasi kwa mbali, jogoo. Siku ya kukata utaikumbuka hiyo dakika, maana kila utakapotoa "aa" na "yaani" za mama kutabaki tundu la kimya kama mtu aliyezibwa masikio, na hiyo ndiyo simenti ya kuzibia.

Watu huvumilia picha mbaya. Sauti mbaya hawaivumilii sekunde kumi. Vaa spika za masikioni unapokata, maongezi yacheze kati ya -12 na -6 kwenye kipimo cha desibeli, yasiguse 0 kabisa. Yakigusa yanapasuka, na yaliyopasuka hayashoneki.

Sasa fungua programu. Laza kwanza sauti ya mama tu, zile sentensi ulizozikata kwa mkasi, kwa mpangilio wa kitandani. Zima kioo ukitaka. Isikilize kama redio. Ikiwa redio inaeleweka na inagusa, una makala. Ikiwa haieleweki, hakuna picha ya kuiokoa. Ndipo uanze kufunika: kila mahali ulipokata maneno kichwa cha mama kitaruka, kwa hiyo juu yake unaweka mikono, unga, moshi, sarafu.

Nikuonyeshe mkato mmoja tu, ukiujua huu mwingine utaubahatisha mwenyewe. Una picha ya mbali: mama ameinama, mkono wenye upawa wa matundu unashuka kwenye karai. Una ya karibu: ncha ya upawa inagusa andazi, linapinduka, upande wa kahawia unatokea. Wanaoanza husubiri mkono ufike kwenye mafuta ndipo wakate, na mkato unaonekana kama mtu aliyejikwaa. Wewe kata mkono ukiwa bado njiani unashuka, na ile ya karibu uianze mkono ukiwa bado unashuka vilevile. Jicho liko kwenye mwendo, linauvuka mkato bila kujua. Kisha cheza nao: fremu tatu mbele, sita nyuma. Fremu sita ni sehemu ya tano ya sekunde tu. Kuna mahali utafika useme "hapo". Ukishalisema hilo neno mara moja, swali lako la kipaji hutaliuliza tena, kwa hiyo silijibu.

Halafu sauti itangulie. Tuko bado kwenye uso wa mama kibandani, tunasikia "Dodoma! Dodoma! Mmoja tu Dodoma!", sekunde moja, ndipo picha ya basi inaingia. Kwenye taimlaini, pale klipu zinapopangwa, ni kuvuta sauti ya klipu ya pili iingie chini ya ya kwanza, mbofyo mmoja. Inafanya stendi iwe mahali pamoja badala ya rundo la picha. Kwa kazi hii huo ndio mpito wako. Ukitaka kuonyesha muda umepita, usiku umekuwa asubuhi, ruhusa ya kuyeyusha picha moja kwenye nyingine, mara moja. Moto na kioo mrudishie mwenyewe, ile 80,000 ihesabu imekwenda.

Uso wa mama akitazama pembeni bila kusema, kama mnao, utunze kama dhahabu. Miaka zaidi ya 100 iliyopita mwalimu wa sinema wa Urusi, Lev Kuleshov, aliunganisha uso uleule wa mwigizaji mmoja na bakuli la supu, kisha na jeneza, na watazamaji wakasoma hisia tofauti kwenye uso ambao haukubadilika. Jaribu. Uweke baada ya beseni tupu, kisha baada ya basi linaloondoka. Ni mama wawili tofauti. Amua yupi ndiye uliyekutana naye Msamvu.

Muziki: wimbo wa msanii anayevuma usiuguse, una mwenyewe. Hata redio ya kibandani ikisikika vizuri nyuma ya mahojiano inaweza kukuletea taabu ukiipandisha YouTube, kwa hiyo mkirudi mwombeni mama aizime kidogo. Mimi ningeacha bila muziki. Mafuta yakilia chwaa pale andazi linapoingia, unataka zeze la nini?

Nakala mbili, sehemu mbili, kabla ya kufuta chochote kwenye simu. Mwaka mmoja nilirekodi juu ya kanda ya harusi ya watu. Ilipotea sehemu ya kukata keki na mama mzazi wa bibi harusi akilisha. Yule mama alifariki miezi michache baadaye. Walinisamehe. Mimi mpaka leo kila kadi nainakili kabla sijanywa maji.

Kutoa video: MP4, H.264, 1080p, megabiti 8 kwa sekunde. Hiyo ni megabaiti 1 kwa sekunde, kwa hiyo dakika 5 ni kama MB 300. Usimtumie mwalimu kwa WhatsApp kama video, itabanwa mpaka maandazi yawe mawe. Itume kama hati au mpelekee mkononi kwa fleshi iliyosafishwa. Kabla ya hapo itazame mara moja kwenye simu ya mtu mwingine, sauti ya spika ya simu, mchana, kwenye kelele. Maneno yasiposikika hapo, ongeza maandishi chini kwa sentensi hizo.

Kundi wakitaka kukaa nyuma yako wakisema "weka hii, toa ile", wakatalie. Waonyeshe mara mbili tu, ukiwa na redio na ukiwa na mkato wa kwanza, waandike maoni kwenye daftari lilelile wakiwa wamenyamaza. Wewe usijitetee wakati video inacheza. Angalia nyuso zao. Mahali watakapochukua simu zao, hapo kata.

Msamvu mkifika alfajiri hiyo, mama atawapa maandazi bure, namjua kwa namna ulivyomwelezea. Yalipieni yote, tena kabla hajawasha jiko, asije akahangaika kutafuta chenji wakati kamera inamwangalia.

Shangazi